Ajizuie Tu

"Mchukue mwanao," mwalimu mkuu alisema kwenye simu. "Amebweka tena katikati ya mtihani."

Mama alitoka mbio kwenye kazi yake ya udobi, mikono ingali inanuka sabuni. Alimkuta binti yake wa miaka kumi na mmoja nje ya ofisi, shingo ikimruka upande, kisha ile sauti: "Hap! Hap!" Wasichana wawili waliokuwa wakipita walimwiga, wakaangua kicheko.

"Mama, si mimi," binti alilia. "Inatoka yenyewe."

Nyumbani, baba yake, fundi saa, hakuinua hata uso kutoka kwenye saa aliyoifungua.

"Ajizuie tu. Mtu akitaka, anaweza."

"Ni mtoto huyu, baba watoto!"

"Nimesema ajizuie!"

Mwaka mzima wimbo ulikuwa huo huo. Binti akianza, baba anang'aka, kisha anakwenda kujifungia kwenye chumba chake cha kazi. Akitoka, shati limelowa jasho na hataki kusemeshwa. Mama alishajua moyoni: mume wake anamwonea haya mtoto wake wa kumzaa.

Siku hiyo yakamfika shingoni. "Kesho tunakwenda hospitali. Usipokuja, nikirudi nafunga nguo zangu na za mwanangu."

Alikuja. Akaketi karibu na mlango.

Daktari, mama wa makamo, alimsogelea binti. "Hujarogwa, wala huna utovu wa adabu. Huu ni ugonjwa wa Tourette. Ubongo wako unatoa amri ambayo hukuiomba." Akawageukia wazazi. "Anaweza kuizuia kidogo, kama mtu anavyobana chafya. Lakini inazidi kujaa, inamchosha, na mwisho lazima itoke. Msimlazimishe."

Mama alimgeukia mumewe, machozi yakimtoka. "Umesikia kwa masikio yako? Nani duniani anaweza kubana kitu kama hicho kutwa nzima?"

Fundi saa hakumtazama mkewe. Alimtazama binti.

"Mimi," alisema. "Tangu nikiwa na umri wako."

Na mbele ya mke aliyeishi naye miaka kumi na minne, akaiachia shingo yake iruke.