Kwenda Mmoja, Kurudi Wawili

"Kwenda niandikie mtu mmoja, kurudi watu wawili," alisema Mama Apolinaria, na Advera akaacha kubonyeza kompyuta.

Miaka yote aliyokatia watu tiketi katika ofisi ya usafiri pale Gongoni, mjini Tabora, Advera alikuwa amesafirisha mapadri, mahujaji, wafanyabiashara wa asali, na hata maharusi waliogombana kabla ya kufika uwanja wa ndege. Lakini mama mkulima wa tumbaku, katoka Usoke na treni, anataka kwenda Barcelona kupanda meli ya watalii? Huyo alikuwa wa kwanza. Na viza anayo tayari! Padri Wilbroad wa parokia yake alimhangaikia mpaka ikapatikana.

"Na huyo wa pili ni nani, mama?"

"Mwanangu Erasmus, mpishi wa meli hiyo. Naenda kumrudisha nyumbani."

Ahaa! Sasa Advera alielewa, na damu ikamchemka. Advera alikuwa na mdomo, hilo Gongoni nzima inalijua, na alikuwa na kaka huko Dubai ambaye hata Krismasi hapigi simu.

"Hakupigii?"

"Hapigi. Tangu Kwaresima."

"Hana haya huyo! Samahani, mama, lakini mtoto gani wa kufuatwa mpaka Ulaya na mama wa umri wako? Mwambie apande ndege mwenyewe, ana miguu!"

Mama Apolinaria hakukasirika. Alivuta kanga yake mabegani.

"Kwetu, mtu akibaki safarini hafuatwi kwa simu. Babu wa baba yangu alibeba pembe za ndovu kwenda pwani, akabaki njiani, kule upande wa Mpwapwa. Ndugu yake alimfuata kwa miguu mpaka mahali penyewe, akamwita jina, akarudi naye. Njia nzima walikula pamoja."

"Enhe, watu wa zamani walikuwa na moyo," alisema Advera, na vidole vikarudi kazini.

Aliipanga safari ile kama anampangia mama yake mzazi. Ndege ya Tabora mpaka Dar, kuunganisha mpaka Istanbul, kisha Barcelona. Dereva wa kumpokea, ameshika kibao chenye jina lake. Hoteli jirani na bandari.

"Hapo utalala usiku mmoja kabla ya meli," alieleza. "Ndege zinachelewa, na meli haimsubiri mtu."

"Haisimami hata mtu akiita?"

"Hata apige yowe, mama. Ikiondoka imeondoka."

Mama Apolinaria aliinama. Alikamata rozari yake kwa mikono miwili. Advera akajilaumu. Kwa nini amtishe mtu mzima namna ile? Akamwongezea usiku wa pili hotelini, awe na nafasi ya kutosha.

"Lakini mama, si umsubiri bandarini tu? Meli ikitia nanga anashuka, mnaondoka zenu."

"Bandarini hashuki, mwanangu. Lazima nipande. Nitampata usiku wa kwanza, meli ikishaiacha Barcelona."

Labda ndiyo zamu yake ya kupumzika, aliwaza Advera. Kijana mzima, mama yake ndiye afuate ratiba yake!

"Na chumba kiwe chenye kibaraza, kinachotazama maji."

"Heee! Kumbe mama nawe unapenda raha!" Advera alicheka. "Vya kibaraza ni ghali."

"Wale wenye meli walinitumia fedha. Sitaki ibaki hata senti."

Angalau mshahara anamletea mama yake, Advera alijisemea, na chuki yake kwa Erasmus ikapungua kidogo.

Ikafika zamu ya kurudi. Siti mbili, bega kwa bega, kutoka Barcelona mpaka Tabora. Mama Apolinaria aliuliza kama kwenye ndege mwanawe atapewa sahani yake mwenyewe.

"Kila siti na sahani yake."

"Vizuri. Namchukulia na viazi vya kukausha, alivipenda tangu mdogo. Lakini njia ni ndefu, asije akasikia njaa." Kisha akaongeza, "Na gari la kutupeleka Usoke lisipakie wengine. Pale ubavuni kwangu asikae mtu."

"Hakai mtu. Nitamwambia dereva." Advera alimtazama yule mama kwa huruma. "Ila ukimpata, umvute sikio kwa niaba yangu. Na akikataa kurudi je?"

Hapo ndipo machozi yalipomtoka Mama Apolinaria. Yalishuka mashavuni mpaka kwenye kanga, naye hakuyafuta.

"Nitamwita jina la nyumbani, alilopewa na bibi yake. Hata akiwa amenuna, nikimwita kwa jina lile huwa anakuja."

Advera alikohoa ili naye asilie, akajifanya anatafuta kalamu.

"Haya, tumalizie. Nipe pasipoti yako. Yake bila shaka anayo mwenyewe hukohuko."

"Ninazo zote mbili." Mama Apolinaria alifungua kifurushi cha kitenge, akaziweka mezani, moja juu ya nyingine. "Yake waliniletea pamoja na viatu vyake."

Mkono wa Advera ulisimama juu ya meza.

"Yeye mpe siti ya dirishani, mwanangu," alisema Mama Apolinaria. "Ule usiku alipoanguka baharini hawakumpata, na njia ya kurudi haijui."