Kikombe Kilichopungua

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2131, msimu ambao kila nyumba ilipaswa kulirudishia ziwa la mlimani lita ishirini za maji. Bi Kaari alipanda siku tatu na bintiye mjamzito, Makena. Karibu na kilele Makena alitapika hata akalegea. Mama akamnywesha kikombe kimoja cha maji hayo.

Mlinzi wa ziwa aliyapima.

"Yamepungua kikombe. Nani amekunywa?"

Makena alitaka kusema.

"Nyamaza, mwanangu. Ni mimi, bwana. Uzee una kiu."

"Sheria unaijua, mama. Aliyekunywa hubaki."

Ukingoni zilipangwa jozi kumi na moja za viatu, wala hapakuwa na mtu.

Bi Kaari alivua vyake, akaingia majini kulipa.