Kigingi cha Ishirini

Vigingi kumi na tisa vilinyooka kama uzi. Cha ishirini kikakata kona, kikalikwepa shamba la migomba, kikaenda kusimama juu ya boma la kale lenyewe, katikati ya vigae vya vyungu.

Shueib alikitazama kwa muda. Yeye ndiye aliyetumwa kutoka Kisii mjini kuhakikisha njia mpya ya wageni, ya kutembea kwa miguu huku juu Manga, haikanyagi mabaki ya wazee. Ramani aliichora mwenyewe: njia ipite migombani, boma lionekane kwa mbali, kibao cha maelezo kisimame hapo, basi.

"Nani kakihamisha?"

"Mimi," alisema Manasseh, mpimaji. Kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi, mgongo kaugeuzia shamba.

"Kwa nini?"

"Kule si mahali pangu pa kupita, bwana."

"Kuna simba?"

"Afadhali simba."

Pale njia panda Drusilla muuza uji ndiye gazeti la kilima kizima. Shueib akaagiza kikombe, akauliza habari za mpimaji.

"Manasseh? Kijana wa watu. Ameoa juzi tu, Desemba. Ng'ombe saba wa mahari, bwana, walipanda hapa mchana kweupe, sisi tunahesabu."

"Ng'ombe saba kwa mshahara wa kupiga vigingi?"

"Hilo umesema wewe. Mimi nauza uji."

Shueib akaweka kikombe chini. Mwezi uliopita mgeni mmoja alionekana na chungu cha kale kwenye buti ya gari, na hakuna aliyejua kakitoa wapi. Sasa njia nzima inapindishwa ipite juu ya vyungu.

Kesho yake asubuhi alijibanza nyuma ya jiwe pale bomani. Manasseh alifika, akaanza kugonga kigingi kinachofuata, uso kautazamisha upande mwingine, kama mtu anayepigwa na jua. Mara kichwa chenye leso kikachomoza migombani, kikamwona, kikazama. Manasseh naye akainamia viatu vyake. Baadaye kichwa kikachomoza tena, kikazama tena.

Ishara hizo, Shueib akajiambia. Mmoja anachimba, mwenzake anapokea.

Akajitokeza, akatoa barua mfukoni. Ilikuwa ya kumfukuza Manasseh kazi, imebaki sahihi tu.

"Nani amejificha mle? Nitajie jina, au natia sahihi hii na leo hii unalala kwa polisi."

Jasho lilimtiririka Manasseh. Aliitazama barua, akaitazama kalamu. Kule shambani hakutazama.

"Jina hilo haliwezi kutoka kinywani mwangu, bwana," alisema. "Tia sahihi tu."

"Shuka ukanisubiri barabarani."

Alishuka karibu anakimbia. Shueib akaingia migombani, kalamu bado mkononi, akitafuta shimo, gunia, chungu, chochote. Akakuta jembe na kikapu cha mbegu za wimbi. Nyuma ya shina mama mmoja mtu mzima alikuwa amechuchumaa, leso kajifunika uso wote.

"Toka, mama. Nimekuona."

Leso ikafunuka kidogo. Jicho moja likamkagua Shueib, kisha likatazama nyuma ya bega lake.

"Ni wewe peke yako, mwanangu?" mama akanong'ona. "Mume wa binti yangu ameshashuka? Tangu asubuhi nimechuchumaa hapa tusionane uso kwa uso, mila ni mila, mgongo umeniisha, na yeye kigingi kimoja tu hakimaliziki."