Shoka Kwenye Gogo

Tangu Mwaisaka azikwe, shoka lake lilikuwa limenasa kwenye gogo la mkaratusi uani. Desturi ya mji ule ilikuwa wazi: ndugu wa marehemu akilichomoa shoka, nyumba inakuwa yake.

Asubuhi ile ya baridi kali, Ambakisye alilivuta shoka la kaka yake mpaka jasho likamtoka. Wapi! Halikutikisika.

"Mkaratusi ukikauka ni chuma, shemeji," alimwambia mjane. "Tungoje mvua iulainishe."

"Na mpaka mvua inyeshe, mimi niote moto gani?" aliuliza Sekela, nyundo na kabari tayari mkononi.

Mpini hakuugusa. Alianzia pembeni, akalibandua gogo kipande kwa kipande kama anayemenya muhogo, harufu yake kali ikijaa uani, hadi kiini kikapasuka na shoka likaanguka lenyewe.

Ambakisye alilikodolea macho. "Sasa hapo nani kalichomoa?"

Sekela alizikumbatia kuni zake, akaingia ndani. Punde moshi ukapanda juu ya paa. Ambakisye alikuwa bado amesimama, shoka miguuni, akipuliza viganja vyake. Mlango ulikuwa umeachwa wazi.