Hatua Moja Nje ya Nguzo

Haji Shekue, aliyeikariri sheria yote ili ajue pa kuipenya, alikaa hatua moja nje ya nguzo nyeupe inayoonyesha mwanzo wa eneo takatifu la mji. Mkono mmoja tasbihi, mkono mwingine manati. Ndani ya nguzo ndege hawindwi, na hata kumshtua ni dhambi. Nje, kwale ni kitoweo. Kwa hiyo alimwaga mtama kutoka miguuni pake hadi kwenye nguzo, akasubiri.

Kwale mmoja mnene alikuwa anakuja, taratibu, kutoka ndani.

"Salaam aleikum, Haji," alisema Bi Mwanasha, aliyekuwa anafagia upande wa ndani. "Umekuja kuabudu au kupika?"

"Aleikum salaam. Sijavunja kitu. Miguu yangu iko nje."

"Na hilo tumbo? Mbona limeshaingia ndani?"

"Fagia, bibi. Sheria na fikihi tuachie wenyewe."

Kwale huyo humfuata Bi Mwanasha kila asubuhi, nyuma ya ufagio. Mlio wa kofi moja tu ungemkimbiza. Lakini ndani ndege hashtuliwi, na Haji alilijua hilo. Ndiyo maana alikuwa anatabasamu huku akivuta mpira wa manati.

Bi Mwanasha aliegemeza ufagio kwenye nguzo, akavuka, akajikalia juu ya mtama, buibui limetanda kote.

"Inuka, we mama!"

"Si niko nje, Haji? Nipige mimi basi."

Kwale alifika kwenye nguzo, akainua mguu mmoja, akabaki ameukunja.