Shingo za Kuvishwa

Redio ilisema abiria wanafurika katika uwanja wa ndege wa mji. Gazeti la asubuhi hiyohiyo likasema wamepungua, ukumbi umebaki mtupu. Bi Raya, mtunga mashada ya kuwavisha wageni, alikuwa na kapu zima la asumini mapajani.

"Dada, leo tusitunge," alisema Salha, mdogo wake, akipunga gazeti. "Tukimwaga maua tena, kibanda tunafunga."

"Na redio je?"

"Ile iliyotuahidi jua jana, tukalowa chapachapa?"

Bi Raya alicheka mpaka sindano ikamponyoka. "Asumini haisomi gazeti, mwenzangu. Sasa hivi ni matumba. Jioni yatakuwa yamechanua, na yakichanua hayatungiki. Shika uzi."

Salha alisonya, akaushika. Walitunga wakibishana mpaka kapu likaisha.

Ndege ilipotua, walisimama kwenye mlango wa kutokea abiria, mashada yamewajaa mikono hadi viwikoni. Mzee mmoja mwenye sanduku la mbao alitoka, akayaona maua, akavua kofia na kuinamisha shingo. Nyuma yake, mlango ulikuwa bado haujafungwa, na haikujulikana wangetoka wangapi.