Kufuli la Hita

Jambo la kwanza alilofanya mhandisi alipoingia kwa mama yake Jumapili ile ni kuvua koti. La pili, kuvua sweta. Mle ndani palikuwa na joto la tanuri, na vioo vya madirisha vilikuwa vinachuruzika maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Baridi ya huko nje inakata mifupa."

Mama mwenyewe alikuwa amevaa kofia ya sufu na soksi nene, lakini mhandisi hakuuliza kwa nini. Macho yake yalikuwa kwenye hita iliyo chini ya dirisha. Aliigusa, akauondoa mkono upesi.

Alikuwa na aibu, na aibu hiyo ilikuwa na chanzo. Yeye ndiye aliyelishawishi jengo zima ling'oe boila la mafuta na kufunga pampu ya joto inayotumia umeme. Yeye ndiye aliyesimama ukumbini akawaeleza wapangaji habari za hewa ya ukaa, akawaomba kila nyumba ipunguze moto wa hita zake. Mita ilikuwa moja kwa wote, basi kila mtu alimchunguza mwenzake. Na katika mkutano uliopita, kinyozi wa ghorofa ya kwanza, mtu asiyejua kumung'unya maneno, alinyanyua mkono.

"Injinia, Jumapili nimepita pale chini. Mbona vioo vya mama yako vinatoka jasho? Nyani haoni kundule!"

Watu wakaangua kicheko. Mhandisi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kila Jumamosi alimpigia mama simu kumwambia kwamba kesho yake atakuja, na kazi ikimruhusu, ingawa wiki tatu zilizopita haikumruhusu, alikuja, kipimajoto mfukoni. Kila mara kilimsuta. Leo jioni kulikuwa na mkutano mwingine, na safari hii hakuwa tayari kuchekwa. Alikuwa amebeba kufuli dogo la kuizuia koki ya hita isizunguke kupita alama ya chini kabisa.

"Mama, unaniangusha," alisema akiwa amepiga magoti. "Watu wote wanajikaza, wewe peke yako unaishi kama uko ndani ya tanuri la mikate."

"Nisamehe, baba."

Mama alimtazama akikaza skrubu ya mwisho, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa mtu akija, nitafanyaje?"

"Nani anayekuja, mama?"

Mama akaenda kumimina chai. Mhandisi aliinywa haraka haraka akiwa wima, maana mkutano ulikuwa umekaribia, akaaga, akatoka akijihisi kama mtu aliyetua mzigo.

Ngazini alikutana na jirani wa chini, ambaye jengo zima lilimwita Mama Redio kwa kuwa habari hazikuwahi kulala kwake.

"Nimeifunga ile hita," mhandisi alimwahi kabla hajachokozwa. "Mwambie na kinyozi. Sitaki tena kusikia kwamba mama anawasha moto ovyo."

"Mama yako?" Mama Redio alishangaa. "Yule aliyeizima tangu siku ile uliyosema pale ukumbini? Mimi nikipanda kumjulia hali katikati ya wiki, namkuta kajifunika mablanketi, akipumua mvuke unatoka. Ukimwambia awashe, anasema hawezi kumwaibisha mwanawe."

"Lakini kila nikija pana moto."

"Si ndiyo! Anawasha Jumapili, kwa ajili yako tu. Mimi najua, bomba lake linapita ukutani kwangu. Likipata moto linagonga ko, ko, ko, tangu asubuhi. Hapo namwambia mume wangu, leo mtoto wa watu anakuja." Alicheka, kisha akakunja uso. "Ila hebu nieleze, mwanangu. Jumapili iliyopita liligonga kutwa nzima, na ya kabla yake, na ile nyingine pia. Huwa unapitia mlango upi, mbona hatukuoni?"